Somo la 7: Mtoto Aliye Chini ya Mlima

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 9:14–29, Mathayo 4:24, 17:14–18, Yohana 9:1–3, Marko 7:31–37, Kutoka 4:10–16, 17:8–13.

Fungu la Kukariri: Marko 9:24. Kila mmoja alisome katika Biblia yake, kisha darasa likariri kwa pamoja.

Petro alitaka kubaki mlimani. Alikwisha kufikiria vibanda vitatu, na hakuona sababu ya kushuka. Lakini Bwana alishuka, na huko chini alikuta umati, mabishano, na baba mmoja aliyekuwa amemleta mwanawe kwa wanafunzi asipate msaada.

Mji wa Morogoro nao umekaa chini ya mlima. Kila alfajiri watu hushuka kutoka Uluguru: kutoka Mgeta na kabichi, karoti na viazi, kutoka Kinole na ndizi na viungo. Miongoni mwao wamo wazazi wasiobeba mzigo wa sokoni. Wamemshika mkono mtoto wa miaka 5 ambaye hajasema neno, au kijana anayekimbia asiposhikwa, wakiuliza njia ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wengine wameshapita kwa waganga na kwa waombaji kabla ya kufika hapo. Baadhi yao ni Waadventista, na siku ya Sabato huketi kiti cha mwisho karibu na mlango ili waweze kutoka upesi.

Juma hili somo linahusu watoto na vijana ambao ubongo wao unafanya kazi kwa namna tofauti na ya wengi: wenye usonji, wenye ugumu mkubwa wa kutulia na kuzingatia, wenye ugumu wa kusoma ijapokuwa wana akili nzuri. Linahusu pia wazazi wao, na swali ambalo Yesu alimwuliza baba yule kabla ya kumgusa mtoto.

JUMAPILI

Walimu Wakibishana

*Soma Marko 9:14–18. Yesu alipofika, wanafunzi na waandishi walikuwa wakifanya nini? Mtoto alikuwa wapi wakati huo?*

Inashangaza kwamba wakati mtoto anateseka, watu wa dini walikuwa wakijadiliana. Marko hatuambii walibishania nini. Anatuonyesha tu kwamba Yesu alipouliza habari ya mabishano yale, hakujibiwa na mwandishi wala mwanafunzi. Aliyejibu ni baba, kutoka katikati ya umati.

Fikiria Sabato ya kawaida. Huduma kuu imeanza, na mtoto wa miaka 7 anaanza kupiga mayowe na kujipiga masikioni. Shemasi anamtazama mama. Mama mwingine ananong'ona kwamba watoto wa siku hizi hawachapwi. Mama anatoka na kukaa chini ya mwembe hadi mwisho wa ibada. Sabato ya pili anakaa tena chini ya mwembe. Sabato ya tatu haonekani, na katika baraza la kanisa jina lake linatajwa kati ya waliopoa.

Huenda mtoto yule hakuwa na utundu wowote. Mtoto mwenye usonji anaweza kusikia kipaza sauti kama mtu mwingine anavyosikia msumeno karibu na sikio. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana maishani, mara nyingi kabla ya kuzaliwa. Hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na watu, na anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana, lakini juu ya jambo moja. Wengi hutaka mambo yafanyike kwa utaratibu uleule, na ukibadilishwa ghafula huumia kweli. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ana usonji. Kanisa lenye watoto wengi halina budi kujiuliza hao wake wako wapi.

Usonji si sawa na mtindio wa ubongo, ambao hugusa hasa misuli na mwendo wa mwili, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Wala si malezi mabaya. Fimbo haimfundishi mtoto wa namna hii kutulia. Humfundisha kuogopa mahali alipochapwa, na mahali hapo pakiwa ni kanisani, hasara yake ni kubwa.

JUMATATU

Nani Aliyetenda Dhambi?

*Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walikuwa na majibu mawili tu mkononi. Yesu alifanya nini na majibu hayo?*

Swali la wanafunzi lilikuwa la kumtafuta mkosaji, na walimwuliza Yesu amchague mmoja kati ya wawili. Yesu aliwakataa wote wawili.

Katika milima ya Uluguru swali hili lina sura yake. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo yake. Hiyo ni nguvu, kwa kuwa mama hayuko peke yake. Lakini mtoto anapozaliwa akiwa tofauti, ni rahisi lawama nayo ikafuata njia ileile: ukoo wa mama una jambo, kuna mzimu uliosahauliwa, kuna mtu aliyefanya kitu. Baba akisikia hayo mara nyingi, anaweza kuondoka akiamini kwamba tatizo si lake. Mjini lawama hubadili nguo tu. Huko husemwa kwamba mama alikula dawa fulani, au alifanya kazi mno akamwachia dada wa kazi mtoto, au alimpa simu achezee.

Lawama hii si ya Afrika peke yake. Usonji ulielezwa na daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, na katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi wa Marekani na Ulaya walifundisha kwamba unatokana na mama mwenye moyo baridi asiyempenda mtoto wake. Maelfu ya wanawake waliishi na hatia hiyo. Baadaye utafiti uliifuta kabisa nadharia ile, na leo inajulikana kwamba urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Kisha mwaka 1998 makala moja katika jarida la kitabibu la Uingereza ilihusisha usonji na chanjo ya surua. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010, lakini maneno yake bado yanatembea, na mama anayeyaamini anaweza kuacha kumpeleka mdogo wake kliniki. Surua huua.

Mzazi Mwadventista hupata lawama ya aina nyingine tena, nayo hutolewa kwa sauti ya upole: je, mlikuwa mkifanya ibada ya nyumbani? Kuna dhambi ambayo hamjaungama? Rafiki za Ayubu walikaa naye siku 7 bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomsaidia.

*Ni maneno gani ambayo washiriki huwaambia wazazi kwa nia njema, lakini yanarudisha swali lile la wanafunzi?*

JUMANNE

Motoni na Majini

*Soma Marko 9:19–27 pamoja na Mathayo 17:14–18 na Mathayo 4:24. Yesu alimwuliza baba swali gani kabla ya kutenda? Katika Mathayo 4:24, je, wenye pepo na wenye kifafa wametajwa kuwa kundi moja au makundi mbalimbali?*

Hapa ndipo darasa litakapogawanyika, na ni vema lisikimbie. Marko anasema wazi kwamba kijana yule alikuwa na pepo. Anayeamini Biblia hawezi kulifuta neno hilo. Lakini pia hawezi kulifuta Mathayo 4:24, mahali ambapo mwandishi wa Injili anawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha waliopooza, kila kundi kwa jina lake. Waandishi wa Biblia walijua tofauti. Mshiriki anayesema kwamba kila degedege ni pepo, au kila mtoto asiyesema ana pepo bubu, anasema zaidi ya Maandiko.

Zingatia tena habari ya moto na maji katika Marko 9:22. Anayeishi mkoa wa Morogoro ana sababu ya pekee ya kuielewa. Kusini mwa mkoa huu, Mahenge katika wilaya ya Ulanga, kifafa kimekuwa kingi kuliko kawaida kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Alikuta watu waliotengwa na jamaa zao, wakila peke yao, kwa sababu iliaminika kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Alikuta pia makovu ya moto. Watoto walianguka kwenye mafiga wakati wa kifafa na hakuna aliyethubutu kuwagusa ili kuwatoa. Wengine walizama mtoni. Maneno ya baba katika Injili yalikuwa maisha ya kila siku Mahenge.

Daktari yule aliwapa dawa ya fenobabitoni, na wengi waliokuwa wakianguka mara kwa mara walipata nafuu. Watafiti waliofuata wamehusisha sehemu ya kifafa cha eneo hilo na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito yenye maji ya kasi. Kwa hiyo jambo ambalo vizazi viliita pepo au uchawi, kwa sehemu lilikuwa na mdudu na dawa.

Kwa nini kifafa katika somo la usonji? Kwa sababu mara nyingi hukaa nyumba moja. Kifafa huwapata wenye usonji kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine, na kwa vyote viwili familia hupewa ushauri uleule wa hatari: aache dawa, afungwe, aombewe usiku kucha. Mtoto anayetumia dawa ya kifafa akiiacha ghafula anaweza kupata degedege lisilokoma na kufa. Mzee wa kanisa anayemwambia mzazi aonyeshe imani kwa kutupa vidonge anachezea uhai wa mtoto, na baraza la kanisa linapaswa kumwambia hivyo.

Tazama sasa jinsi Yesu alivyotenda. Aliuliza ni tangu lini. Ni swali ambalo muuguzi wa kliniki huuliza akiwa na kadi ya mtoto mkononi: alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lini, lilipotea lini. Yeye aliyejua yote alimpa baba nafasi ya kusimulia tangu utotoni, na baba alipomaliza alikiri imani yake na upungufu wake katika pumzi moja. Yesu hakumkemea kwa upungufu huo. Hakumfunga mtoto kamba, hakumpiga, wala hakumnyima chakula. Na katika fungu la 29, waliohitaji kuomba zaidi ni wanafunzi. Mtoto hakupewa sharti lolote.

Kanisa liombe, na liombe sana. Maombi hayo yafanyike kama yalivyofanyika ya mgonjwa mwingine yeyote: kwa ruhusa ya wazazi, kwa sauti ya kawaida, mikono isimguse mtoto asiyependa kuguswa, na kesho yake mtu amsindikize mama hospitalini.

JUMATANO

Kando ya Makutano

*Soma Marko 7:31–37. Kwa nini Yesu alimtenga mtu huyu na umati? Alizungumza naye kwa njia gani kabla ya kutamka neno?*

Mtu huyu hakuweza kusikia, na usemi wake ulikuwa mzito. Yesu hakumponya jukwaani. Alimpeleka pembeni, kisha akamwonyesha kwa vidole na kwa macho yaliyoinuliwa juu nini kinakuja kutendeka. Alitumia lugha ambayo mtu yule aliweza kuipokea.

Makanisa mengi ya Morogoro yana spika kubwa kuliko jengo lake, na kwenye makambi hali huzidi: kwaya tano, jenereta, umati, vumbi, ratiba inayobadilika kila saa. Kwa mtoto mwenye usonji ni siku saba za mateso, na kwa wazazi wake ni makambi wanayoyasikia tu yakitajwa. Yanayohitajika ni machache na mengi hayana gharama. Sauti ishushwe. Pawe na chumba au turubai pembeni, penye mkeka na utulivu, ambapo mtoto anaweza kwenda na kurudi bila kukodolewa macho. Mzazi aambiwe mapema ibada itafuata utaratibu gani, naye amwonyeshe mtoto kwa picha zilizochorwa kwenye kadi: kuimba, kuomba, hadithi, matoleo, nyumbani. Mwalimu wa divisheni ya watoto anayeanza kila Sabato kwa wimbo uleule na kumaliza kwa wimbo uleule amekwisha kumsaidia mtoto huyu, hata kama hakujua.

Kijana asiyeweza kusoma vizuri asilazimishwe kusoma fungu mbele ya darasa. Huyu mara nyingi huitwa mvivu, na wengi wa namna yake huacha Shule ya Sabato wakiwa na miaka 13 au 14 kwa aibu tu. Akipewa fungu tangu Jumatatu alisikilize kwenye simu, Sabato atalisema kwa kichwa.

Meza ya Bwana nayo inataka busara. Kuna vijana ambao mguso wa mtu mwingine miguuni ni maumivu. Baba yake au kaka yake amtawadhe, au amwagiwe maji bila kusuguliwa. Hakuna fungu lililovunjwa.

Na wapo wenye hazina. Katika kanisa fulani anaweza kuwapo kijana anayejua namba ya kila wimbo katika Nyimbo za Kristo. (Si kila mwenye usonji ana kipaji cha namna hiyo, na mzazi asisumbuliwe kwa kuulizwa cha mwanawe kiko wapi.) Mwingine hupanga viti kwa mstari usiopinda. Kazi hiyo aiandikiwe kwenye orodha ya zamu kama mtumishi mwingine yeyote.

ALHAMISI

Ulimi wa Musa, Mikono ya Musa

*Soma Kutoka 4:10–16. Musa aliposema kwamba yeye si msemaji, Mungu alijibuje? Je, aliuponya ulimi wake?*

Mungu alimkumbusha Musa ni nani aliyefanya kinywa. Musa alipozidi kukataa, hasira ya Bwana iliwaka, na hata hivyo alimpa Haruni. Maandiko hayasemi kwamba ulimi ule ulibadilika. Aliyebadilishiwa mazingira ni Musa: alipewa ndugu wa kusema kwa ajili yake, na wito wake ukabaki palepale.

Fungu hili linagusa darasa la ubatizo. Kijana wa miaka 17 asiyesema, anayeshika mkono wa mama yake na kumvuta kuelekea kisima cha ubatizo kila kinapojazwa maji, anaomba nini? Viongozi wengine husita kwa kuwa hawezi kujibu maswali kwa kinywa. Lakini wapo wanaojibu kwa kadi za picha, kwa kuandika kwenye simu, kwa kuinua mkono. Mchungaji wa mtaa aketi naye mara nyingi, kwa muda mfupi mfupi, mama akiwapo kama Haruni wake. Na akiogopa maji, apelekwe kisimani katikati ya juma, mahali pakiwa kimya, aingize mguu, siku nyingine aingie hadi kiunoni, mpaka atakapozoea.

*Soma Kutoka 17:8–13. Mikono ya Musa ilipochoka, ni watu wangapi waliohitajika, na kwa muda gani?*

Walihitajika wawili, na jiwe la kukalia, na mpaka jua lilipokuchwa. Mama wa mtoto asiyelala usiku amechoka namna hiyo. Hahitaji kwanza somo la saburi. Anahitaji saa tatu za kwenda soko la Mawenzi peke yake, au za kulala. Wanawake wa Dorkasi wanaweza kuweka zamu, lakini watu walewale wawili warudie, kwa sababu mtoto huyu hazoei sura mpya kila juma. Akina baba wa kanisa wamtembelee baba, hasa yule aliyeanza kuchelewa kurudi nyumbani. Vijijini mlimani, wageni wa kanisa wasimwache mjomba nje ya mazungumzo. Akielewa yeye, ukoo mzima hupungua maneno. Na ndugu wa mtoto, msichana wa miaka 10 anayemlea mdogo wake kila siku, naye apate siku ya kwenda na Watafuta Njia bila kumbeba mtu.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Katika kitabu cha Tumaini la Vizazi Vyote, Ellen G. White ameeleza tukio la chini ya mlima. Ni vema familia ikaisoma sura hiyo wakati wa kufungua Sabato.

Viongozi wa kanisa wafahamu pia mambo ambayo mzazi ana haki nayo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma. Zipo shule za msingi za serikali zenye vitengo vya elimu maalumu, na walimu wake wengi wamepita Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Ofisi ya elimu ya wilaya au manispaa ndiyo ya kuuliza kitengo kilicho karibu. Mjini Morogoro kituo cha Mehayo kimejulikana kwa kazi yake na vijana wenye ulemavu wa akili. Kwa uchunguzi wa kina wengi hupewa rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Tangu Juni 2024 treni ya mwendokasi imeifupisha safari hiyo, lakini nauli ya watu wawili, chakula na mahali pa kulala bado ni fedha nyingi kwa mkulima wa Mgeta, na safari huwa si moja.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni familia zipi katika kanisa lenu zilizoacha kuja kwa sababu ya mtoto? Msitaje majina yao darasani. Ni nani atakayezitembelea juma hili, na atauliza nini kwanza?

2. Mshiriki anasimama na kusema kwamba kumpeleka mtoto hospitalini ni upungufu wa imani. Mtamjibu nini kutoka Mathayo 4:24 na Marko 9:24, bila kumwaibisha?

3. Mzee mmoja analalamika kwamba ukelele wa mtoto unavuruga heshima ya nyumba ya Mungu. Mama wa mtoto yuko palepale anasikia. Darasa lifanye nini wakati huo, na baraza la kanisa liamue nini baadaye?

4. Zimeni kipaza sauti kwa dakika tano katika kipindi cha Shule ya Sabato, mwendelee bila hicho. Nani alisikia vizuri, nani hakusikia, na kifaa hicho kingewekwa wapi ili wote wawili waweze kukaa ndani?